Mcheza Kwao Hutuzwa: Safari ya Billy Elliot kutoka Filamu hadi Jukwaani

Kazi ya sanaa inapohamishwa kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, swali la kwanza ambalo aghalabu huulizwa ni iwapo kazi mpya inafanana na ile ya awali. Mtazamaji huketi ukumbini akihesabu kilichoachwa na kilichoongezwa, kisha akatoa hukumu. Hesabu ya namna hii haifiki mbali. Filamu na jukwaa hazina nyenzo sawa, na pale nyenzo zinapobadilika, maana nayo hubadilika. Makala haya yananuia kulifafanua jambo hili kwa kuitazama Billy Elliot, filamu ya densi iliyotoka mwaka wa 2000 na kugeuzwa kuwa tamthilia ya nyimbo jijini London mwaka wa 2005.

Kisa chenyewe kinatokea kaskazini-mashariki mwa Uingereza, katika eneo la Durham, wakati wa mgomo mkuu wa wachimba makaa ya mawe ulioanza mwezi Machi 1984 na kumalizika mwezi Machi 1985. Chanzo cha mgomo huo kilikuwa mpango wa kuifunga migodi 20, hatua ambayo ingewaachisha kazi watu wapatao 20,000. Billy ni mvulana aliyefiwa na mamake. Babake na kakaye Tony ni wachimba migodi walio mgomoni. Anatumwa kujifunza ndondi, lakini anavutiwa na darasa la baleti la Bi. Wilkinson, ambalo wanafunzi wake ni wasichana. Mgogoro unazuka: mvulana wa jamii ya wachimba migodi atachezaje baleti ilhali jamaa zake hawana hata pesa za chakula?

Ni muhimu kutambua kwamba waliotunga filamu ndio waliotunga tamthilia. Lee Hall aliandika mswada wa filamu, kisha akaandika mazungumzo na maneno ya nyimbo za jukwaani. Stephen Daldry aliongoza zote mbili, naye Peter Darling akabuni miondoko ya densi katika zote mbili. Aliyeongezeka ni Elton John, ambaye aliiona filamu hiyo katika tamasha la Cannes na baadaye akatunga muziki wa tamthilia. Kwa hivyo, tofauti baina ya kazi hizi mbili haziwezi kuelezwa kwa kudai kwamba wahamishaji hawakuielewa kazi asilia. Watunzi ni wale wale. Kilichobadilika ni chombo.

Tofauti ya kwanza inahusu mahali. Katika filamu, Billy anapozuiwa kwenda kwenye majaribio yake ya densi, hasira humtoa nje. Anacheza vichochoroni, anagonga kuta kwa viatu vyake, na kamera inamfuata hadi anapokwama mbele ya ukuta wa mabati. Jukwaa haliwezi kumfuata mtu kijijini kote. Badala ya kuta, tamthilia inamwekea Billy safu ya askari waliobeba ngao. Anazipigapiga na kujibwaga juu yake, nazo zinamrudisha nyuma. Upungufu wa nafasi umezaa ishara mpya. Katika filamu mtoto anapambana na mipaka ya kijiji chake. Jukwaani anapambana na dola ile ile inayopambana na babake. Hasira ya mtoto na hasira ya wagomaji zimekuwa kitu kimoja, na mtazamaji hahitaji kuelezwa hivyo kwa maneno.

Tofauti ya pili inahusu wakati. Filamu hupitisha miezi kwa kukata picha na kuziunganisha. Jukwaani, kazi hii hufanywa na wimbo mmoja mrefu ambamo wagomaji, polisi na wasichana wa darasa la baleti wanapishana katika nafasi moja. Mtoto anaboresha hatua zake huku mgomo ukizidi kuwa mkali kando yake. Matukio ambayo filamu ingeyaonyesha moja baada ya jingine, jukwaa huyaonyesha kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba darasa la densi halionekani tena kuwa kimbilio lililo mbali na vurugu; limo ndani ya vurugu hizo.

Tofauti ya tatu inahusu mwili wa mwigizaji. Katika filamu, Jamie Bell angeweza kurudia tukio hadi lipendeze, kisha mhariri akateua lililo bora. Jukwaani hakuna mhariri. Mtoto hucheza, huimba na kuigiza kwa muda wa takriban saa tatu mbele ya watu, na akiteleza ameteleza. Wahenga walinena kwamba ngoma ya watoto haikeshi, na jukwaa limeukubali ukweli huo: nafasi ya Billy hupokezanwa na wavulana kadhaa, kila mmoja akiwa na siku zake. Onyesho lilipofika New York, wavulana watatu walioipokezana nafasi hiyo, David Alvarez, Trent Kowalik na Kiril Kulish, walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora mwaka wa 2009. Kwa mtazamaji, jasho na pumzi za mtoto huwa sehemu ya dhamira. Haambiwi tu kwamba densi ni kazi ngumu kama uchimbaji wa makaa. Anaiona kazi yenyewe ikifanywa.

Hapa Kiswahili kinatupa mwanga. Neno ngoma hutaja ala, hutaja uchezaji, na hutaja pia mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza na kutazama. Filamu inaweza kuhifadhi viwili vya kwanza, lakini cha tatu hakihifadhiki katika ukanda. Tarehe 8 Aprili 2013, siku aliyofariki Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mgomo, watazamaji jijini London waliulizwa iwapo wimbo wa kumkejeli uimbwe jioni hiyo. Walipiga kura, na wengi wakataka uimbwe. Filamu haiwezi kuwauliza watazamaji wake swali kama hilo.

Tofauti iliyo nzito zaidi imo katika hitimisho. Filamu inaonyesha wachimbaji wakirejea mgodini baada ya kushindwa, kisha inaruka miaka mingi mbele: Billy ni mtu mzima, babake yumo ukumbini, naye anaruka hewani katika baleti ya Swan Lake. Picha ya mwisho ni ya ushindi wa mtu mmoja. Tamthilia imeuondoa mruko huo mwishoni na kuutangulia katikati ya mchezo, pale Billy anapocheza na nafsi yake ya baadaye na kuinuliwa juu kwa waya. Kwa hivyo, hadhira inapofika mwishoni imekwisha kuiona ndoto. Inayobaki ni gharama yake. Wachimbaji wanateremka mgodini wakiimba, taa zikiwaka kwenye kofia zao, wakati Billy anaondoka na mkoba wake.

Methali yasema mcheza kwao hutuzwa. Billy alituzwa kwao kweli, kwani watu wasio na mishahara walichanga senti zao ili asafiri. Lakini waliomtuza hawakuwa na pa kwenda. Mgodi wa Easington, kijiji ambamo sehemu za filamu zilipigwa, ulifungwa mwaka wa 1993. Mtazamaji anayejua historia hiyo hawezi kuzitazama taa zile bila kuelewa kwamba zinaelekea kuzimika. Filamu ilisimulia habari za aliyeondoka. Tamthilia imewarejeshea nafasi waliobaki.

Onyesho la London lilifungwa mwezi Aprili 2016, baada ya takriban miaka 11. Kabla ya hapo, mwezi Septemba 2014, lilirushwa moja kwa moja katika kumbi za sinema, na hivyo kazi iliyotoka kwenye skrini ikarejea kwenye skrini, ila sasa ikiwa na mwisho tofauti.

Kwa tamati, mwanafunzi wa fasihi anayekutana na kazi iliyohamishwa, iwe riwaya iliyofanywa tamthilia au filamu iliyofanywa mchezo wa nyimbo, hana budi kwanza kuchunguza chombo kipya kinaweza nini na hakiwezi nini. Kisha achunguze jinsi mtunzi alivyokitumia kile kisichowezekana. Ngao zile za askari zilitokana na jukwaa kukosa vichochoro, na ndizo zilizoufanya mgomo kuwa mgomo wa Billy pia.