Hesabu ya Maji Vyooni

Choo cha kuvuta kinapotumiwa na mtu mmoja, maji yaendayo huonekana kuwa machache. Yakijumlishwa kwa jengo zima, huwa mengi. Nchini Marekani vyoo vingi vya zamani vilitumia lita 13 au zaidi kila vilipovutwa. Sheria ya mwaka 1992 ilishusha kikomo hadi lita 6 kwa choo, na lita 3.8 kwa beseni la haja ndogo la wanaume.

Vipimo hivyo ndivyo msingi wa hesabu katika LEED, mfumo wa Marekani wa kupima majengo yanayohifadhi mazingira. Hukadiriwa kwamba mfanyakazi wa kutwa huenda msalani mara 3: mwanamke hutumia choo mara zote 3, mwanamume choo mara 1 na beseni mara 2.

Ichukuliwe, kwa mfano, ofisi yenye wanawake 50 na wanaume 50. Kwa siku, vyoo vitavutwa mara 200 na mabeseni mara 100. Kwa vipimo vya msingi, matumizi ni lita 1,200 na lita 380, yaani lita 1,580. Vikiwekwa vyoo vya lita 4.8 na mabeseni ya nusu lita, matumizi ni lita 960 na lita 50, yaani lita 1,010. Maji yaliyookolewa ni lita 570, karibu asilimia 36.

Hata hivyo, hapana budi kukumbuka kwamba hayo ni makadirio ya karatasini. Mpira wa tangi moja tu ukichakaa na kuvujisha lita 0.4 kwa dakika, lita 576 hupotea kwa siku, usiku na sikukuu zikiwamo. Faida yote imekwisha, na karatasi haitasema lolote. Ushahidi wa kweli umo katika mita.

Jambo hili laweza kuchunguzwa shuleni. Mita isomwe jioni baada ya watu kuondoka, kisha asubuhi kabla hawajafika. Namba zikiwa zimesogea, pana mvujo. Ili kukitambua choo kinachovuja, rangi ya chakula itiwe ndani ya tangi, na choo kisivutwe kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira haufungi. Kifaa kipya huanzisha uokoaji wa maji. Matengenezo ndiyo huudumisha.