Mtoto Aliyeona Maafa: Tumsaidieje Apone?

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, watu wa Katesh, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, waliamshwa na mngurumo. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Udongo wa mlima Hanang ulilowa mno, ukashindwa kujishika. Tope, mawe na miti viliporomoka kutoka mlimani mpaka mjini Katesh na katika vijiji vya jirani, kama vile Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nyumba zilibebwa, mifugo ilifukiwa, mashamba yaliharibika.

Misaada ilifika. Tope lilizolewa. Barabara zikapitika tena. Hayo yote yanaonekana kwa macho. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa macho. Ni jeraha la moyoni la mtoto mdogo aliyeona maafa. Wengine huliita kiwewe.

Jeraha hili halipo Hanang peke yake. Mtoto aliyeona nyumba yao inaungua anaweza kulipata. Vile vile mtoto aliyeona ajali ya basi, aliyekimbia vita, au aliyeona baba anampiga mama.

Bibi na mjukuu wake

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini mambo yake yamo katika nyumba nyingi.

Bibi mmoja anaishi na mjukuu wake wa kiume, mwenye miaka minne. Baba wa mtoto alifariki katika tope. Mama alivunjika mguu, yuko hospitali. Mtoto huyu alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa anakojoa kila usiku. Alikuwa msemaji sana, sasa haongei. Mawingu yakitanda, anaingia chini ya kitanda. Na kila basi likisimama, anakimbilia barabarani.

Kwa nini anakimbilia basi? Kwa sababu bibi alimwambia, "Baba yako amesafiri. Atarudi na basi."

Bibi hakusema hivyo kwa ubaya. Alisema kwa huruma. Naye ni mama aliyefiwa na mwanawe. Lakini tutaona kwamba neno hilo linamchelewesha mtoto kupona.

Kiwewe kinafanyaje kazi?

Tuseme unapita njiani, mara unaona nyoka. Moyo unapiga haraka. Jasho linakutoka. Miguu iko tayari kukimbia hata kabla hujafikiri. Mwili unajikinga, na hilo ni jambo jema. Nyoka akienda zake, baada ya muda mwili unatulia.

Lakini hatari ikiwa kubwa mno, mwili unaweza kukataa kutulia. Unabaki kama mlinzi ambaye hataki kulala hata baada ya mwizi kuondoka. Wahenga walisema: Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa mtoto wa Hanang, unyasi huo ni mvua, radi, au mngurumo wa lori. Anajua kwa akili kwamba ni lori. Mwili wake unasema ni tope.

Tutaona dalili gani?

Kila mtoto ana namna yake. Lakini kwa watoto wadogo, dalili hizi ni za kawaida:

1. Anarudi nyuma katika mambo aliyokwisha kujifunza. Anakojoa kitandani, ananyonya kidole, anataka kubebwa.
2. Anamng'ang'ania mlezi, hataki kuachwa hata kidogo.
3. Anaota ndoto mbaya, anaamka akilia.
4. Anashtuka upesi, au anakasirika na kupiga wenzake.
5. Ananyamaza, hachezi.
6. Anasema tumbo au kichwa kinauma, na mganga hospitalini haoni ugonjwa.
7. Anacheza mchezo ule ule wa maafa, tena na tena.

Ndugu, dalili hizi si ukaidi. Mtoto hakojoi kitandani ili kukuudhi. Wengine wetu husema, "Huyu ana shetani," au, "Huyu amedekezwa." Matokeo yake mtoto anapigwa. Fimbo inamwongezea hofu mtoto ambaye tayari ana hofu. Basi anakojoa zaidi.

Kitu kinachoponya kwanza: mtu asiyeondoka

Je, mtoto anaponywa na nini? Tutazame mambo yaliyotokea mahali pengine.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1940 na 1941, ndege za Wajerumani zilipiga mabomu mji wa London, Uingereza. Akina mama wawili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, walikuwa na nyumba za kulelea watoto katika mji huo. Waliwatazama watoto kwa makini. Waliona jambo ambalo watu wengi hawakulitegemea. Watoto wadogo waliumia zaidi kwa kutengwa na mama zao kuliko kwa mabomu yenyewe. Mtoto aliyekuwa karibu na mama yake, na mama ametulia, aliweza kuvumilia mengi.

Mfano wa pili ni wa kisiwa cha Kauai, katika visiwa vya Hawaii, Marekani. Mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata mpaka wakawa watu wazima. Wengine walikulia katika umaskini, ugomvi na magonjwa ya wazazi. Miongoni mwa hao waliokuwa na shida nyingi, kama theluthi moja walikua vizuri: walisoma, walifanya kazi, waliwatunza watu wao. Jambo moja waliloshirikiana ni hili: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyempenda na asiyemwacha. Mara nyingine alikuwa bibi, shangazi, au mwalimu.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, mtoto mdogo hazaliwi na ustahimilivu kama jiwe. Ustahimilivu unajengwa, na mjenzi wake ni mtu mzima aliye karibu. Pili, bibi yule wa mfano wetu anaweza kabisa kuifanya kazi hii. Hahitaji cheti.

Kwa hiyo baada ya msiba tusigawane watoto haraka haraka, mmoja kwa mjomba, mwingine kwa shangazi, mwezi huu hapa na mwezi ujao kule. Ikiwezekana, ndugu wa tumbo moja wakae pamoja, na mlezi awe yule yule.

Kitu cha pili: ukweli

Watu husema, "Mtoto mdogo hajui kitu." Si kweli. Anaona watu wanalia. Anaona kiti cha baba hakina mtu. Asipoambiwa, anajitungia sababu mwenyewe. Na mara nyingi sababu anayoitunga inamlaumu yeye.

Tukisema baba amesafiri, mtoto anangoja. Halafu anafikiri, "Mbona haji? Hanipendi?" Tukisema baba amelala, mtoto anaogopa kulala. Kila familia ina imani yake, na ni vizuri mtoto afundishwe imani hiyo. Lakini kwanza aambiwe neno lililo wazi: baba amekufa.

Basi tuseme bibi yetu amepata moyo. Amemwita mjukuu wake jioni, baada ya kula, wakati hakuna haraka.

"Mjukuu wangu, njoo ukae hapa karibu nami. Nilikuambia baba amesafiri. Nilikosea. Baba amekufa. Tope lilimwangukia. Sasa hapumui, hasikii baridi, hasikii maumivu. Hawezi kurudi."

"Hata kesho, bibi?"

"Hata kesho."

Mtoto ananyamaza. Kisha anauliza, "Ni kwa sababu nilimwaga maziwa?"

Lo! Kumbe muda wote huo mtoto alikuwa amebeba mzigo huo. Usiku ule kabla ya tope alimwaga maziwa, baba akamkaripia.

"Hapana, mjukuu wangu. Tope lilikuja kwa sababu mvua ilikuwa nyingi mlimani. Si kosa lako. Baba alikupenda. Na mimi nipo hapa."

Bibi akilia wakati huo, si vibaya. Aseme tu, "Nalia kwa sababu namkumbuka baba yako. Nitanyamaza, halafu tutasonga ugali wetu wa kesho kama kawaida." Mtoto atajifunza kwamba huzuni inakuja na inapita.

Tena mtoto atauliza maswali yale yale kesho, na kesho kutwa. Tusichoke. Tumjibu kwa maneno yale yale machache. Na tusimwahidi jambo tusiloweza kulitimiza. Ukisema, "Jumamosi tutakwenda hospitali kumwona mama," basi Jumamosi mwende. Ikishindikana, mweleze sababu.

Mambo ya kila siku

Maafa humwonyesha mtoto kwamba dunia haina mpango. Sisi tumwonyeshe kwamba mpango upo. Hatuhitaji fedha nyingi.

1. Ratiba. Aamke saa ile ile, ale saa ile ile, alale saa ile ile. Kabla ya kulala, hadithi fupi au wimbo. Akijua kitakachofuata, mwili wake unatulia.

2. Mchezo. Tumwachie nafasi ya kucheza. Akijenga nyumba za udongo kisha akazifukia, tusimkataze kwa kusema ni uchuro. Ndiyo njia yake ya kueleza. Tukae karibu. Akifika penye kufukiwa, tunaweza kuuliza, "Sasa nani atakuja kuwasaidia watu hawa?" Pengine ataleta watu wenye makoleo. Mchezo ukimzidishia hofu tu, bila kubadilika siku nyingi, tumwone mtaalamu.

3. Kazi ndogo. Akamate kuku, apeleke kikombe, achambue maharage na bibi. Mtoto anayeweza kufanya kitu hujiona ana nguvu.

4. Wenzake. Arudi shule ya awali na michezoni mapema. Mwalimu aambiwe yaliyompata, ili asimwadhibu kwa kushtuka au kusinzia.

5. Kitanda kilicholowa. Tubadilishe shuka bila kelele. Tusimtangaze kwa jirani. Tumwambie, "Itakwisha."

Mvua ikianza

Hapa ndipo penye mtihani. Wengine wetu humtisha mtoto, eti, "Nyamaza, tope linakuja!" Tusiseme hivyo hata kwa utani. Tufanye hivi:

Kwanza, mlezi atulie mwenyewe. Mtoto husoma uso wetu kabla ya kusikia maneno yetu. Pili, tumsogelee, tumshike mkono au tumpakate. Tatu, tupumue naye polepole. Tumwambie avute pumzi kama ananusa ua, aitoe kama anapoza uji. Nne, tumweleze yaliyopo sasa: "Hii ni mvua. Tuko ndani. Nyumba iko imara. Mimi nipo." Kama mahali penyewe ni pa hatari, tusidanganye. Tumwonyeshe njia ya kwenda mahali salama, na tuipite naye siku ya jua. Mtoto anayejua njia haogopi kama asiyeijua.

Na mlezi je?

Bibi naye ana jeraha. Anamlea mtoto mchana, usiku analia peke yake. Mlezi aliyechoka hupiga kelele, hata kama ana upendo. Kwa hiyo kazi hii si ya bibi peke yake. Majirani wamchotee maji. Mwingine akae na mtoto kwa saa mbili ili bibi apumzike. Kikundi cha akina mama, msikiti au kanisa, na viongozi wa kitongoji waulize hali yake hata miezi sita baada ya matanga. Mara nyingi siku za msiba nyumba inajaa watu, halafu mwezi wa pili hakuna hata anayebisha hodi.

Lini tutafute msaada zaidi?

Watoto wengi hupata nafuu polepole katika majuma ya mwanzo, wakipata matunzo haya. Lakini tumpeleke kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii kama dalili zimepita mwezi mmoja bila kupungua, au zinazidi. Tusingoje hata huo mwezi kama mtoto hali, hasemi kabisa, anajiumiza, au kuna mtu anayemtendea vibaya. Hapa Tanzania ipo pia huduma ya simu kwa mtoto, namba 116. Kupiga ni bure.

Ndugu wasomaji, mjukuu yule hataamka siku moja amesahau. Hatutaki asahau. Tunataka amkumbuke baba yake bila kujificha chini ya kitanda. Siku basi litakaposimama naye akaendelea kucheza, bibi atajua kwamba kazi yake inazaa matunda.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Je, katika kijiji chetu yuko mtoto aliyeona maafa? Nani ni mtu wake asiyeondoka?
2. Sisi tuliwaambiaje watoto wetu tulipofiwa? Tungesema nini leo?
3. Mlezi gani jirani yetu anahitaji kupumzika juma hili? Nani atamsaidia, na siku gani?