Injini ya Mashine ya Kusaga Ikipungua Nguvu

Mkulima wa Tongoni akisha kuvuna mahindi yake na kukausha makopa ya muhogo, chakula hicho bado si unga. Pasipofika umeme, unga hutoka katika mashine inayozungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Injini hiyo ikianza kusitasita, watu wengi hukimbilia mjini kununua noseli. Fedha ya mavuno huisha, na injini hubaki vile vile. Yafaa kwanza kujua ugonjwa, ndipo utafute dawa.

Namna inavyofanya kazi

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki katika nafasi ndogo sana, kiasi cha sehemu moja ya 16 hadi 20 ya nafasi yake ya kwanza. Hewa hiyo hupata moto kupita digrii 500 za Sentigredi, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuendesha injini ya namna hii mwaka 1897, na kanuni hiyo ingali ile ile.

Basi injini hutaka vitu viwili: hewa iliyobanwa sawasawa na mafuta safi. Ikitetemeka na kusitasita inapozunguka polepole bila mzigo, mara nyingi kimoja kati ya hivyo kimepungua. Tafuta ni kipi.

Pima pumzi kwa mkono

Zima injini, uiache ipoe. Weka kishikio cha mafuta mahali pa kuzimia, utoe mkanda wa kinu, na uhakikishe kwamba kishikio cha kuachia pumzi hakikufunguliwa. Kisha zungusha gurudumu zito polepole. Katika kila mizunguko miwili, mahali pamoja litakuwa zito na kutaka kurudi nyuma. Hiyo ni pumzi nzuri. Likipita jepesi, hewa inavuja.

Sasa mwenzako azungushe, nawe usikilize:

1. Ukisikia hewa katika bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi.
2. Ukiisikia katika chujio la hewa, valvu ya kuingizia hewa haifungi.
3. Ukiisikia katika tundu la kutilia oili, ringi au silinda imelika.
4. Ukiona mapovu katika maji ya kupozea, gasketi ya kichwa cha injini imeungua, au kichwa chenyewe kina ufa.

Kabla ya kufungua kichwa, fundi apime nafasi ya valvu. Nafasi ikiwa ndogo mno, valvu haikai vizuri, na pengine kuirekebisha tu kunatosha.

Ikiwa bado una shaka, tia kijiko kimoja cha chai cha oili katika njia ya hewa, uzungushe tena kwa mkono mara kadha wa kadha. Pumzi ikirudi, ringi zimelika. Isiporudi, kosa ni la valvu au gasketi. Usizidishe oili: oili haibaniki kama hewa, nayo huweza kuupinda mkono wa pistoni.

Pumzi ikiwa nzuri

Hapo tazama mafuta. Mwaga maji na taka zilizo chini ya tangi, ubadili chujio la mafuta, kisha legeza skrubu ya kutolea hewa mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Baada ya hayo ndipo umpelekee fundi noseli aijaribu. Usiweke mkono mbele ya noseli inayonyunyiza. Mafuta hayo hutoboa ngozi, na kidonda kidogo huweza kuharibu mkono mzima. Mtu akipatwa, aende hospitali saa ile ile.

Moshi nao husema. Moshi mweusi ni hewa haba, mzigo mkubwa au noseli mbovu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, usiokoma injini ikisha kupata moto, ni mafuta yasiyowaka: pima pumzi.

Kinga

Unga na pumba huziba chujio la hewa. Vumbi la udongo likipenya husaga ringi kama msasa. Kwa hiyo wakati wa kusaga safisha chujio kila siku, na kama ni la oili, badili oili hiyo ikichafuka. Usiendeshe injini bila chujio hata kwa saa moja. Chuja dizeli kwa kitambaa safi kabla ya kuitia tangini. Na mwisho wa msimu, ziba bomba la moshi na njia ya hewa kwa matambara, kwa maana upepo wa pwani una chumvi, na kutu ya silinda hula ringi mpya. Kumbuka kuyatoa matambara hayo kabla ya kuwasha.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Chujio safi ni kazi ya dakika chache. Silinda mpya huweza kumaliza fedha ya magunia mengi ya mahindi.