Sheki ya kupunguza uzito au chakula cha kawaida? Maelezo kwa wakazi wa Majengo

Katika mtaa wa Majengo, Pumwani, matangazo ya kupunguza kitambi si jambo geni. Yamebandikwa kwenye milingoti ya stima, yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vyama vya akina mama, na wauzaji wengine hupita kibanda kwa kibanda hadi ukingoni mwa soko la Gikomba. Bidhaa inayouzwa sana ni unga wa kukoroga, maarufu kama sheki, ambao mnunuzi huelezwa kuwa atakunywa badala ya kula asubuhi na jioni. Ahadi huwa kubwa: kilo kumi kwa mwezi, presha kwisha, sukari kushuka.

Sheki inaweza kupunguza uzito. Hilo limepimwa na kuthibitishwa. Kisichoelezwa kibandani ni kwa nini inapunguza, ilipimwa kwa watu gani, na nini hutokea kopo likiisha.

Haja ya kupunguza uzito yenyewe si ya kuchekwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, wa mwaka wa 2008-09 ulionyesha kuwa robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene. Kufikia utafiti wa mwaka wa 2014 walikuwa wamefika thuluthi moja, na mijini hali ilikuwa mbaya kuliko mashambani. Uzito wa aina hii huandamana na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Anayetaka kujua alipo hahitaji mizani ya bei ghali. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Kwa mwanamke, kiuno kinachopita sentimita 88 ni dalili ya hatari kubwa; kwa mwanamume ni sentimita 102.

Wazo la kunywa badala ya kula si geni. Mwaka wa 1959 kampuni ya Mead Johnson ya Marekani ilianza kuuza unga ulioitwa Metrecal, ambao mtu alitakiwa kunywa hadi atimize kilokalori 900 kwa siku, basi. Mtu mzima kwa kawaida hutumia takriban kilokalori 2,000 au zaidi kwa siku, kutegemea umbo na kazi yake, kwa hivyo anayepata 900 lazima mwili wake uchome mafuta uliyoweka akiba. Sheki zote hufuata njia hiyo hiyo. Hakuna kiungo cha ajabu kinachoyeyusha kitambi. Kinachofanya kazi ni kipimo: kikombe hakipakuliwi mara ya pili, na hakina mchuzi wa kuchovya chapati.

Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kusoma kopo kwa makini. Kanuni za kimataifa za vyakula, Codex, zilizotolewa mwaka wa 1991 kuhusu bidhaa za aina hii, zinasema kikombe kinachochukua nafasi ya mlo mmoja kiwe na kilokalori kati ya 200 na 400, na kinachochukua nafasi ya chakula chote cha siku kisipungue 800. Sasa tuchukue kopo la gramu 550 ambalo kipimo chake ni gramu 26. Unga wenyewe kwa kawaida ni protini na wanga, ambavyo hutoa kilokalori 4 kwa kila gramu. Gramu 26 ni kama kilokalori 100 tu. Ukikoroga kwa maji, hujala mlo. Umekunywa nusu ya kiwango cha chini kabisa cha mlo. Ndiyo sababu maelezo ya bidhaa nyingi husema ukoroge kwa maziwa, jambo ambalo muuzaji husahau kulitaja kwa kuwa maziwa ni gharama nyingine. Na maji nayo, hasa yanayonunuliwa kwa mtungi, yachemshwe kwanza. Kuharisha kunapunguza uzito pia, lakini si uzito anaoutafuta mtu.

Kopo hilo hilo linatoa vikombe 21. Anayekunywa viwili kwa siku atalimaliza kwa siku kumi na nusu, kwa hivyo kwa mwezi atahitaji makopo karibu matatu. Kabla ya kuchukua la kwanza kwa mkopo au kwa pesa za chama, inafaa kuzidisha bei yake kwa tatu, kisha kuongeza maziwa, kisha kujiuliza familia itakula nini.

Utafiti unaotajwa zaidi kutetea sheki ulifanywa Uingereza na kuitwa DiRECT. Uliongozwa na maprofesa Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa katika jarida la Lancet mwishoni mwa mwaka wa 2017. Watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili walishirikishwa, wote wakiwa wameishi na ugonjwa huo kwa muda usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini. Kundi moja liliacha chakula cha kawaida kabisa kwa miezi mitatu hadi mitano, likinywa sheki na supu za kilokalori kati ya 825 na 853 kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa, ikilinganishwa na asilimia 4 ya waliopewa huduma za kawaida. Walikuwa wamepungua kilo 10 kwa wastani.

Ni matokeo makubwa, na si haki kuyadharau kwa sababu tu wachuuzi wanayatumia vibaya. Lakini washiriki hawakununua unga barabarani. Dawa zao za kisukari na presha zilisimamishwa siku ya kwanza na wahudumu wa afya walioendelea kuwapima. Baada ya miezi ya sheki walirudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua, wiki mbili hadi nane, kisha wakafuatiliwa kwa mwezi baada ya mwezi. Hata hivyo uzito ulianza kurudi: mwaka wa pili wastani wa kupungua ulikuwa kilo 7.6, na waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 36. Sheki iliondoa kilo. Kuzizuia zisirudi kulitegemea chakula cha kawaida, kile kile ambacho mtu alikuwa amekikimbia.

Anayejaribu hayo peke yake nyumbani huenda akadhurika. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide, akikata chakula ghafla huku akiendelea na kipimo kile kile cha dawa, sukari yake inaweza kuanguka hadi azirai. Mwenye presha naye anaweza kupata kizunguzungu dawa ikizidi hali yake mpya. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kuacha dawa kwa sababu muuzaji amesema unga utatibu. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wagonjwa wa figo wasiziguse sheki hizi pasipo ushauri wa daktari. Kupungua kwa kasi pia huleta mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Historia ina onyo lake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani wengi walitumia protini ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi na mabaki mengine ya wanyama. Makumi ya watu walikufa, wengi wao mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika. Bidhaa za leo zenye viwango ni bora kuliko hizo. Hatari ya sasa ni zile zisizo na viwango. Dawa iitwayo sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo, imepatikana mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya chai, kahawa na vidonge vya kupunguza uzito. Bidhaa inayomfanya mtu akose hamu ya kula, akose usingizi na moyo umdunde siku ile ile aliyoanza, aiache na kwenda hospitali nayo.

Na chakula cha kawaida? Kikombe cha ndengu zilizochemshwa kina takriban kilokalori 210, protini gramu 14 na nyuzinyuzi gramu 15. Kwa kipimo hicho kinashindana na sheki yoyote, na kinashibisha zaidi kwa kuwa kinatafunwa. Sukuma wiki, terere, managu, maharagwe na omena viko Gikomba kila siku. Tatizo la sahani ya Majengo mara nyingi haliko kwenye ugali wala mboga, bali kwenye kile kisichoonekana. Mililita 100 za mafuta ya kupikia zina zaidi ya kilokalori 800, karibu sawa na chakula chote cha siku nzima cha wale wa DiRECT. Mafuta hayo huishia kwenye mahamri, viazi karai, bhajia na chapati. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku, inaongeza kama kilokalori 200. Soda ya nusu lita inaongeza nyingine 200 hivi. Anayepika futari mwezi wa Ramadhani anajua jinsi kikaangio kinavyokuwa jikoni jioni nzima. Kuchemsha baadhi ya viazi na mihogo badala ya kukaanga vyote ni badiliko linaloonekana kwenye mizani bila kopo hata moja.

Upo uwezekano wa kuchanganya njia zote mbili: kikombe kimoja kilichokorogwa kwa maziwa mahali pa mlo ule unaomshinda mtu, labda chakula cha mchana cha haraka sokoni, na chakula cha kawaida kwa milo mingine. Kwa mwenye afya njema na uwezo wa kulipia hilo si baya.

Anayenunua aangalie nembo ya ubora ya shirika la viwango, KEBS. Nambari iliyo chini ya nembo hutumwa kwa ujumbe mfupi, ikitanguliwa na SM#, kwenda 20023, na majibu yanaonyesha kama bidhaa imesajiliwa. Anayejiita mtaalamu wa lishe anatakiwa awe amesajiliwa na taasisi ya KNDI iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2007, na mteja ana haki ya kuomba kuona cheti chake.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wana mizani, kipimo cha presha na cha sukari kwenye mikoba waliyopewa tangu Septemba 2023. Aliye kwenye dawa yoyote na anataka kuanza sheki apite kwanza kituo cha afya kilicho karibu, akibeba kopo lenyewe, dawa anazomeza na kadi yake ya kliniki.