Moto mmoja, kazi mbili: jiko la kuni na pipa la maji moto



Kule Ulaya kuna nyumba ambazo jiko lao la kuni limeunganishwa na mtambo wa kupasha nyumba nzima: moto unapasha maji, na maji yanapita ndani ya mabomba hadi vyumbani. Hapa Katindo hatuhitaji mtambo wa namna ile. Lakini wenzetu wa milima ya Masisi wanajua baridi ya usiku, na koperative za maziwa zinatafuta maji moto kila siku kwa kuosha bidoni. Basi wazo lile linatufaa: moto unaopika maharagi upashe maji pia.

Faida iko wapi? Tupige hesabu. Kupasha bidoni moja ya litre 20, kutoka digri 20 hadi 60, kunataka kilojuli 3.360 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina karibu 15.000, lakini kwenye mafiga matatu joto linaloingia chunguni mara nyingi halipiti sehemu 15 juu ya 100. Kwa hiyo bidoni moja inakula kilo 1 na nusu ya kuni. Joto lingine lote linapotea, na sehemu yake inakwenda na moshi. Ni hilo tunalotaka kukamata.

Namna ya kuunganisha

Jiko liwe la kufunikwa, lenye dohani. Bomba la chuma lipite kwenye njia ya moshi, nyuma ya chungu. Msiliweke katikati ya moto: litaiba joto la chungu, na kuni zitatoa moshi mwingi. Plastiki isikaribie jiko kabisa.

Pipa likae juu kuliko bomba hilo. Maji baridi yanatoka chini ya pipa na kushuka jikoni. Yakipata joto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe na kuingia katikati ya pipa. Hakuna pompi, hakuna umeme. Ila bomba la kupanda lipande moja kwa moja bila kushuka popote, sababu hewa itakwama pale na maji yatasimama.

Robine ya kuchotea iwe juu kidogo ya pahali maji moto yanapoingia. Hivyo, hata watu wakichota sana, bomba la jikoni halibaki tupu. Ukichota, ongeza maji baridi. Maji haya ni ya kuosha na kuoga, si ya kunywa.

Hatari mbili

Ya kwanza: kufunga. Kuna mtu atasema, "Tufunge pipa vizuri, maji yapate moto haraka." Hapana! Litre moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya litre 1.600 na zaidi. Isipopata njia, chuma kinapasuka na kuua walio karibu. Kifuniko kikae juu tu, bila kubana, na robine isiwekwe kamwe kati ya jiko na pipa.

Ya pili: mbabula chumbani. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa gazi isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke tena. Mkiwa na maji moto, hamna sababu ya kuingiza mbabula. Jazeni bidoni maji ya moto lakini yasiyochemka, funikeni vizuri, zungusheni kitambaa kizito, mweke chumbani mbali kidogo na watoto. Bidoni hiyo hiyo inasaidia vifaranga usiku katika juma zao za kwanza.

Kuni zenyewe

Kuni mbichi zinatumia joto kukausha maji yao kwanza. Pasueni, pangeni chini ya paa, ngojeni zikauke. Na zitoke katika mashamba yetu: mikaratusi na greveleya kwenye mipaka. Makala mengi ya Goma yanatoka katika miti ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Kila kilo isiyochomwa ni mti uliobaki.

Koperative isiyo na feza ya mabomba ianze kidogo: jiko la matundu mawili, chungu mbele, sufuria ya maji nyuma. Wenye pipa, kabla ya kuwasha moto, angalieni kila asubuhi mambo matatu: maji yamepita robine, kifuniko hakibani, dohani haina masizi.