Ordinatere mbili zikiongea, zero ya simu inapotelea wapi?

Mama wa Butembo anatuma makuta kwa mtoto anayesoma Bukavu. Dakika mbili, malipo yanakataliwa: «namba haipo». Namba iko, mtoto yuko nayo mkononi. Mara nyingi watu wanalaumu rezo. Lakini kuna wakati rezo ni nzima, na kosa liko katika karatasi moja ambayo muteja hataiona hata siku moja.

Ndani ya ordinatere ya kampuni ya simu, malipo ni kitu kimoja chenye sehemu zake: mutumaji, mupokeaji, kiasi, tarehe. Kitu hicho hakiwezi kusafiri vile kilivyo. Ni kama kitanda cha mbao: ili kipande bato kutoka Goma mpaka Bukavu, lazima kifunguliwe vipande, kisha kifungwe tena kule ng'ambo. Wafundi wa programu wanaita kazi hiyo serializasyo: kitu kinageuzwa mstari wa maandishi, na ordinatere ya benki inakijenga upya.

Yule anayekijenga upya anahitaji liste ya vipande. Liste hiyo inaitwa WSDL. Ariba, IBM na Microsoft waliipeleka kwa shirika la W3C mwaka 2001, na inaandikwa kwa XML. Ina sehemu inayoitwa «types»; humo kila kipande kinatajwa jina lake na aina yake: maandishi, namba nzima, tarehe, ao kitu kingine kilicho na vipande vyake.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua aina. Fundi akiona namba ya simu, haraka anaandika «int», ni kusema namba nzima. Hapo zero ya mbele inaanguka, kwa sababu kwa hesabu 099 na 99 ni kitu kimoja. Akiongeza 243 ya Kongo ndiyo mbaya zaidi: inakuwa tarakimu 12, wakati «int» haipite 2.147.483.647. Simu si ya kujumlisha wala kugawanya. Iandikwe kama maandishi, «string», basi.

Majina nayo yana shida yake. Liste nyingi zinatoka ngambo, zina nafasi mbili tu: jina la jamaa na jina la mtu. Mukongomani ana nom, postnom na prénom. Postnom itaenda wapi? Mwingine anaibandika kwenye nom, mwingine anaitupa, na siku ya kulinganisha na karte ya uchaguzi, majina hayafanani. Tena katika XML Schema kipande kisichopewa alama yoyote ni cha lazima. Wazee walioandikwa bila prénom, wakati Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, wanakataliwa na mashini kama hakuna aliyekumbuka kuandika minOccurs="0" kwenye prénom.

Tarehe, kwa kweli, ilishapata dawa. Aina «date» inadai mwaka kwanza: 2004-07-03. Fundi akiiacha kama maandishi tu, 03/07/2004 itakuwa tarehe tatu mwezi wa saba kwa mmoja, na tarehe saba mwezi wa tatu kwa mwingine.

Kwa makuta, aina inayofaa ni «decimal». «Float» haiwezi kushika hata 0,1 kamili, na senti zinaanza kupotea polepole. Kisha kiasi peke yake hakitoshe huku kwetu, ambako soko moja linalipwa kwa dola na franka: lazima kipande kingine kiseme USD ao CDF, na liste ikatae kitu chochote kingine.

Siku hizi mafundi wengi wameacha WSDL, wanatumia JSON na maelezo ya OpenAPI. Maandishi ni mafupi zaidi, lakini ulizo ni lile lile, na namba ya simu ikiandikwa «integer» humo, zero itaanguka vile vile.