Tundu la moyo: nafuu inayomdanganya mzazi

Kawetele, hapa Tukuyu, ni mahali pa mvua na baridi. Mtoto mchanga akihema haraka, lawama huangukia hali ya hewa. Mara nyingi ni mafua au nimonia kweli. Lakini nimonia ikijirudia kwa mtoto anayetokwa na jasho kichwani akinyonya, na uzito wake haupandi kwenye kadi ya kliniki, apimwe moyo.

Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo. Inayoonekana zaidi ni tundu kwenye ukuta wa vyumba vya chini. Mengi madogo huziba yenyewe. Kubwa hupitisha damu kutoka kushoto, kwenye nguvu nyingi, hadi kulia, ikafurika mapafuni. Mtoto huanza kuhema wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, mishipa ya mapafu inapolegea.

Mishipa midogo ya mapafu haihimili shinikizo hilo la damu. Misuli yake hunenepa, utando wa ndani hukua, njia ikasinyaa. Mwaka 1958 Heath na Edwards waliyapanga mabadiliko hayo katika hatua 6. Tundu likizibwa mapema, mishipa yaweza kupona. Hatua za mwisho hazirudi nyuma.

Hapo ndipo mzazi hudanganyika. Mishipa ikishabana, mafuriko mapafuni hupungua: mtoto anahema vizuri, ananenepa, nimonia inamwacha. Nyumbani wanamshukuru Mungu, kliniki ya moyo inaachwa. Miaka ikipita, damu isiyo na oksijeni ya kutosha hugeuza njia na kupenya tunduni hadi mwilini. Midomo na kucha hugeuka bluu. Ni ugonjwa wa Eisenmenger, daktari wa Austria aliyeueleza mwaka 1897. Ukifika hapo, kuziba tundu huweza kuua, maana ndilo linalopunguzia upande wa kulia wa moyo mzigo. Dawa hutuliza tu.

Kwa hiyo tundu kubwa huzibwa kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto mwenye hali ya Down (Down syndrome) huwahishwa zaidi, kwani mishipa yake huharibika upesi. Upasuaji huo hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kutoka Tukuyu ni mbali na nauli ni mzigo, ndiyo maana rufaa iombwe mapema.

Nafuu yaweza kumaanisha tundu linaziba, au mapafu yanaharibika. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huweza. Mtoto aliyeambiwa ana tundu aendelee na kliniki hata akinawiri, mpaka daktari aliyempima aseme basi.